Nafasi ya Semisi Shambani kwa Bwana Doyle

Shepparton, Australia, 9 Februari

Shangazi Fusi,

Kiingereza sasa kinaniamkia shikamoo! Nami nakuamkia wewe. Kifua kimetulia? Huko kisiwani kwetu Vava'u wazima? Mimi mzima, nachuma matufaha mpaka miti inaniogopa.

Usihofu kuhusu mwanao Semisi. Swali la kumwombea nafasi kwa bosi nimelipika likaiva. Bibi Heather, mwalimu wetu wa Jumamosi kanisani, anasema mkubwa havamiwi kwa swali kavu. Kiingereza kikiuliza hupindua maneno. Ila ukishatanguliza "naomba kujua kama", unayarudisha yakae kama unatoa habari tu: mtu mbele, kitendo nyuma. Wenzangu bado wanayapindua. "Lopeti, umemeza redio?" wananiuliza. Wivu huo!

Kesho namwuliza Bwana Doyle. Mwambie Semisi afunge begi.

Mtoto wa kaka yako,
Lopeti

Vava'u, 2 Aprili

Lopeti mwanangu,

Hujambo? Mimi kifua afadhali, moyo ndio sina. Jana karani wa shamba lenu kaja huku, kasoma majina ya watakaochukuliwa msimu ujao pale ukumbini. Kamaliza, kakunja karatasi, Semisi bado kasimama na begi lake! Mkewe kaanguka kitako. Wewe uliandika afunge begi. Ulimwuliza bosi, au ulitupiga porojo? Nijibu mimi niliyekulea.

Shangazi yako,
Fusi

Shepparton, 15 Aprili

Shangazi, shikamoo. Sijui hata nikuulizie afya kwa mdomo gani. Barua yako nimeipata. Nimekwenda nayo mbio mpaka kwa Bwana Doyle.

Nilimwuliza, haki ya Mungu! Swali lilinyooka mpaka akavua kofia. Naye akaniuliza kwa adabu ile ile, anaomba kujua kama Semisi anaiweza kazi ya kupanda ngazi. Nikapandisha nyusi, kama tunavyoitikia sisi. Akauliza tena. Nikazipandisha tena, juu kabisa, nikaenda zangu najipongeza.

Leo kashtuka kuliko mimi. "Wewe kijana! Nilikuuliza mara mbili, ukanikodolea macho tu. Nikajua ndugu yako haiwezi, unaona haya kusema."

"Bosi, nyusi zikipanda tumekubali!"

"Huko kwenu. Hapa nafasi zimeshajaa."

Shangazi, usimlaumu bosi, wala Semisi. Swali nililifanyia mazoezi wiki nzima. Jibu lilikuwa neno moja, nami sikulisema.

Mtoto wa kaka yako,
Lopeti