Sanduku la Njumu Alilolitaka Mwanaidi

Bagamoyo

Kwa mama yangu mzazi,

Assalaam alaykum. Shikamoo mama. Nakuamkia nikiwa nimekaa chini mkekani, kama nilivyokuwa nikikuamkia kwetu Ujiji kila asubuhi kabla ya chuo cha Kurani. Magoti yanaendeleaje? Zaituni wa kaka aliniambia sasa unafika uwani bila fimbo, nikamshukuru Mungu. Na kifua cha kaka je, kimetulia? Huku mimi na mjukuu wako Rehema tunapumua, na kwa leo niishie hapo juu ya afya zetu.

Mama, tangu tulipomzika mkweo Mwanaidi umekuwa ukinipigia simu na kuniomba nikueleze alivyoondoka. Kila nikianza nakwambia mtandao mbaya, nakata. Mtandao haukuwa mbaya. Nimeona niandike, maana karatasi haiulizi mbona umenyamaza. Najua atakayekusomea ni Zaituni. Mwanangu Zaituni, msomee bibi yako polepole, na ukifika mahali pakakushinda, iweke chini kwanza, mnywe maji.

Habari za ule uvimbe wa kwenye titi unazo. Tulikwenda na kurudi hospitali kubwa ya Dar, akachomwa dawa, nywele zikapukutika, akavumilia. Safari ya mwisho daktari alituweka wote wawili akatuambia kwa upole kwamba ugonjwa umeshaingia kwenye mifupa, na dawa iliyobaki ni ya kutuliza maumivu tu. Mwanaidi akamuuliza kama anaweza kurudi kwake. Akaambiwa anaweza. Tukarudi Bagamoyo. Tulipofika akavua viatu, akaketi, akaniambia, "Baba Rehema, nataka unitengenezee sanduku la njumu."

Kwa kuwa kwetu Ujiji siku hizi masanduku hayo hayaonekani, nikueleze kidogo. Hapa pwani zamani biharusi alikuwa haendi kwa mumewe mikono mitupu. Alikwenda na sanduku la mbao ngumu, uso wake umepigwa nakshi ya misumari midogo ya shaba, hiyo ndiyo njumu, na ndani yake nguo zake, dhahabu yake na udi wake. Nilipokuja huku kijana, kazi hiyo ndiyo niliyofundishwa, mimi na Fundi Shomari ambaye mpaka leo tuko naye karakana moja. Lakini ni miaka sasa hakuna anayeyaagiza. Watu wanataka makabati na vitanda.

Nikamuuliza sanduku la nini. Akasema la Rehema. Rehema ana miaka minane, mama.

"Siku ya harusi yake mimi sitakuwepo," akasema. "Nataka nimpangie vitu vyangu kwa mkono wangu, avikute."

Nilikataa. Nikamwambia ajuaye ni Mungu, asijitabirie, nikashika njia kwenda kazini. Niliona kulichonga sanduku lile ni sawa na kukitia sahihi kifo chake. Siku zile zote kila alipoligusia nilizungumzia jambo jingine. Kumbe alimchukua dada yake, Bi. Kidawa, aliyekuwa amekuja kutoka Fukayosi kumuuguza, wakakokotana taratibu mpaka karakana wakati mimi nimetoka kwenda kupima milango ya nyumba ya mtu. Akamwomba Fundi Shomari amtengenezee yeye. Niliporudi nilikuta Shomari ameshusha zile mbao za mninga tulizoziweka darini miaka mingi, kavu, hazina hata ufa, amezilaza juu ya meza ya kazi.

"Mkeo kaja kuniomba nimfanyie kazi yako," akaniambia. "Mimi siifanyi. Mbao ni hizi."

Nikazipakia kwenye mkokoteni nikazipeleka nyumbani.

Nililifanyia kazi uwani kwa sababu alitaka kuona. Alikaa akiegemea ukuta kwa mto mgongoni, mimi napiga randa, na maranda yanamwangukia miguuni anayakusanya kwa vidole. Mashine sikuitumia hata moja, maana ngurumo zilimuumiza kichwa. Ilikuwa msumeno wa mkono, patasi na nyundo. Zile pembe nne nilizichonga meno, ubao ukaingia ndani ya ubao, pakakaza pasipo msumari. Chini nikatia droo tatu ndogo. Ndani, upande wa kushoto, nikamwekea kisanduku kidogo chenye kifuniko chake, cha dhahabu na udi. Vanishi haikuwezekana, harufu yake ilimtapisha, kwa hiyo nikalisugua kwa nta ya nyuki siku baada ya siku mpaka mninga ukatoa wekundu wake wenyewe.

Ulipofika wakati wa njumu nilichora usoni duara na nyota kwa penseli, kama tulivyofundishwa. Akatazama, akakataa. Unakumbuka mkeka aliokuletea mwaka ule tulipokuja kwa treni, Rehema bado ananyonya? Aliusuka yeye. Alijua kusuka ukili wa miyaa ya mkindu kabla hajajua kusoma. Basi akataka misumari iende kama ukili unavyokwenda, kwa mshazari, mstari mmoja ukiupisha mwingine. Nikamwambia shaba haifuati mkono kama miyaa. Akasema, "Niletee nyundo."

Alipiga mwenyewe, mama. Mimi nilimshikia msumari kwa koleo asijigonge, yeye akipiga, anapumzika, anapiga tena. Nusu yote ya kushoto ni mkono wake. Rehema akirudi shule alikaa katikati yetu na kikombe cha misumari, anampa mama yake mmoja mmoja, na akikosea akimpa uliopinda wanacheka mpaka Mwanaidi anashika ubavu kwa maumivu, na bado anacheka. Nataka ulijue hilo. Watu wakisimulia ugonjwa husimulia vilio tu, lakini nyumba yetu siku zile ilikuwa na vicheko vingi kuliko miaka mingi iliyopita.

Kisha mkono ukamwisha nguvu. Nyundo ikawa inamtoka. Akahamia kitandani, mlango tukauacha wazi, mimi nikaendelea na nusu ya kulia peke yangu uwani. Alinisikiliza kutoka ndani. Mara anaita, "Huo umeingia vibaya." Nikitazama, kweli, msumari umepinda.

Hapo ndipo nilipoanza jambo ambalo sikulipanga. Nilikuwa napiga mistari miwili, kesho yake naung'oa mmoja. Nasema haukunyooka. Kifuniko ambacho kilikuwa laini kama kigae nikakirudia tena kwa randa. Bawaba nikazipachika, nikazifungua, nikasema zinalia. Bi. Kidawa alidhani natafuta ubora. Mimi nilichokuwa nacho kichwani ni kwamba sanduku lisipokwisha, na yeye hataondoka. Mtu mzima, mama, mwenye mvi, nilikuwa naamini hivyo kabisa.

Alasiri moja akaniita. Nikaingia na mavumbi yangu, nikakaa pembeni ya kitanda. Alikuwa amekonda, macho tu ndiyo yaliyobaki makubwa. Akanishika mkono akaugeuza, akatazama kiganja.

"Baba Rehema, unalivuta hili sanduku."

Nikasema bawaba bado zinalia.

"Ukilivuta sibaki. Nitaondoka tu, na vitu vyangu viko kwenye mfuko wa nailoni."

Nililia mbele yake mara hiyo moja. Yeye hakulia. Aliniacha nikamaliza, akaniambia niende nikapige misumari yangu. Nikatoka, na kuanzia hapo sikung'oa kitu tena. Nikamaliza mistari, nikapachika kifuniko, vishikio vya ubavuni, komeo na tumbuu yake ya kupitishia kufuli, tukalibeba mimi na Shomari tukaliweka kando ya kitanda chake. Alinyoosha mkono akapapasa uso mzima, polepole, kuanzia upande wake mpaka upande wangu. Akasema wangu umenyooka zaidi, ila wake ndio mzuri. Shomari akasema ni kweli.

Alilipanga na dada yake, mlango umefungwa. Mimi sikutakiwa. Nilijua tu kwamba kisutu chake, ile kanga ya harusi, kilikuwemo, na bangili za mama yake. Walipomaliza akatia kufuli, akanipa ufunguo.

"Usilifungue mpaka siku yake," akaniusia. "Hata akilia."

Nikamwahidi.

Aliondoka Alhamisi, baada ya sala ya alasiri. Hakuhangaika sana. Bi. Kidawa alikuwa anamtia maji mdomoni kwa kijiko, mimi nasoma Yasini, na nilipoinua macho Bi. Kidawa alikuwa ameshika kijiko hewani hakirudishi. Tulimzika kesho yake baada ya sala ya Ijumaa. Watu walijaa. Ulinipigia simu wakati tunatoka makaburini ukaniambia unasikitika magoti hayakukuwezesha kuja. Mama, usijilaumu. Nilikuombea dua pale pale na jina lako nikalitaja kaburini kwake.

Sasa nifike kwenye habari ya Rehema, kwa sababu ndiyo uliyoniulizia, na ndiyo iliyonifanya nikukatie simu.

Mtoto alinyamaza. Siku za matanga tulidhani ni uchovu. Matanga yakaanuliwa, wageni wakaondoka, akazidi. Shule anakwenda, lakini mwalimu wake alikuja kuniambia hazungumzi na mtu. Chakula anageuza kwa vidole, anasukuma sahani. Nikampeleka zahanati, wakampima, hawakuona kitu. Akirudi nyumbani anakwenda kukaa sakafuni, mgongo kwenye lile sanduku, mpaka giza linaingia. Bi. Kidawa alitaka amchukue Fukayosi akakae na binamu zake shambani. Nawe ukaniambia nimlete Ujiji alelewe na bibi yake. Wote mlisema kwa mapenzi, na mimi nilikuwa nimekaribia kukubali, maana niliona namwangalia mwanangu akiyeyuka.

Ilikuwa jioni ya baada ya arobaini. Bi. Kidawa alikuwa anafunga mizigo yake. Rehema alikuwa mahali pake pale pale. Akaniita, na sauti yake ilikuwa ngeni kwa jinsi nilivyokuwa sijaisikia.

"Baba, nimesahau harufu ya mama."

Hakulia aliposema hivyo. Angelia ningejua la kufanya, nilikuwa nimeshausiwa. Alisema tu, kama mtu anayekuarifu kuwa amepoteza kitu chako.

Nikaenda kuchukua ufunguo. Bi. Kidawa aliniona, akaweka mizigo chini, akasimama mlangoni.

"Shemeji, wasia wa marehemu hauvunjwi. Alikwambia hata akilia."

Nikamwambia najua. Nikamwambia hilo deni nitakwenda kulijibu mwenyewe. Akanitazama, halafu akanipisha.

Nikafungua. Juu kabisa, kabla ya kisutu, kabla ya kitu chochote cha harusi, palikuwa na ile kanga yake ya jikoni, iliyopauka, yenye tundu la moto pembeni. Haikuwa imefuliwa. Bi. Kidawa akasema hakumwona akiiweka, wao waliweka kisutu juu. Labda Mwanaidi aliipenyeza Bi. Kidawa alipokwenda kuchota maji. Kwa nini aliweka tambara lile kwenye sanduku la harusi, na kwa nini juu, sijui. Nimefikiri mengi. Sitaki kumsemea.

Rehema aliichukua akaifunika uso. Akakaa hivyo muda mrefu, ndipo kilio kikatoka, kile kilichokuwa kimekwama tangu siku ya mazishi. Bi. Kidawa akaketi chini akampakata, wakalia wote wawili. Mimi nilisimama na kufuli mkononi. Kabla ya kulala mtoto aliomba uji, akanywa bakuli zima, akaomba tena.

Mama, nimevunja ahadi niliyompa mke wangu akiwa kitandani pa mauti. Nimemuuliza shehe wa msikiti wetu akanipa jibu lake, lakini ninalolitaka ni lako, kwa kuwa wewe ulimzika baba yangu nikiwa na umri wa Rehema, na unajua vitu vya baba ulivyonifungia na ulivyonifungulia. Niambie kama nimekosa.

Na la pili, nakuomba uniachie mtoto. Si kwamba nakataa neno lako. Kaburi la mama yake liko hapa, siku za Ijumaa tunakwenda pamoja kupalilia, na ameanza kuniuliza habari za shule kama zamani. Shule zikifungwa tutapanda treni tuje, akae nawe mpaka umchoke.

Nisalimie kaka, mwambie dawa asiziache njiani. Msalimie mama mdogo na wanawe wote, na mwalimu wangu wa chuo ikiwa bado anasikia. Bi. Kidawa amerudi kwake, anakusalimu na kukupa pole. Fundi Shomari vilevile. Rehema anasema shikamoo bibi, na anauliza kama ziwa la kwenu lina chumvi.

Kufuli sijalirudisha. Sanduku sasa liko chumbani kwake, anaweza kulifungua saa yoyote apendayo, nami simzuii. Mpaka leo ametoa kanga ile moja tu.

Mungu akuhifadhi mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao,
Idrisa