Kipimo cha Mtu Mmoja

Alhamisi, kijijini Kingi. Ukungu umekaa juu ya vilima tangu asubuhi, nami nimekaa ndani, bila hamu hata ya kusoma.

Mama Sifa ameondoka leo. Alikuja hapa akikimbia vita vya kwao Buleusa, na watoto wanne, akawa analima kibarua katika mashamba yetu. Sasa amerudi kule kule, ingawa bunduki hazijanyamaza, kwa sababu huku kazi haiwalishi.

Sehemu ya lawama ni yangu, na ninataka kuiandika kwa usahihi.

Zamani malipo ya kibarua hayakuwa na kanuni. Mkarimu alijaza kikapu. Mchoyo alitoa viazi viwili vitatu. Wakimbizi walipoongezeka, uchoyo nao ulizidi. Kamati ya kijiji ikaniomba, kwa kuwa ni mwalimu niliyesomea sheria, nitunge kima cha chini. Nikajiuliza: anayelima kutwa anahitaji chakula kiasi gani ili aishi? Nikapima, nikaandika: kopo moja la maharagwe, na viazi vya kumshibisha mtu mmoja. Kamati ikapitisha. Nilijivunia.

Sikuandika habari ya chungu.

Kila shamba lilikuwa na chungu cha mchana, na watoto wa vibarua walikula humo bila kuulizwa. Kanuni ilipotoka, wenye mashamba walisema malipo yamekamilika. Vyungu vikabaki nyumbani. Hata mama yangu, ambaye si mchoyo, aliacha kubeba chake. Alisema anafuata sheria ya mwanawe.

Nilimfuata Mama Sifa hadi barabarani, nikamsihi asubiri. Alicheka.

"Papa mwalimu, kipimo yako iko muzuri, lakini iko ya muntu mumoja. Mimi niko na batoto bane. Weye unajua kuandika, haujapika hata siku moja!"

Nikamkumbusha vita.

"Ninajua. Lakini mihogo yangu ndio iko kule."

Akajitwika mzigo, akawatanguliza watoto.

Nilidhani ujira ukimwezesha mfanyakazi kusimama tena asubuhi, haki imetendeka. Kumbe hivyo ndivyo mtu anavyotunza jembe.

Kesho nitakwenda mbele ya kamati nikiri kosa, niombe kima kihesabiwe kwa jamaa nzima na chungu kirudi shambani. Wataniuliza kwa nini watoe zaidi ya kile nilichoandika, kwa mkono wangu mwenyewe, kwamba kinatosha.

Nitawajibu nini?