Kipandio cha Tatu cha Ngomeni

Mpendwa baba,

Usikasirike. Najua umelala kaburini Kisauni miaka mingi sasa, lakini nimefanya jambo ambalo mama aliniapisha nisilifanye, na nataka ulisikie kwangu mwenyewe.

Unaikumbuka safari yetu ya Likoni, likizo ile kabla ya uhuru? Nilikuwa na miaka kumi, Salim sita. Tulikuwa tunakwenda kwa shangazi, tuoge baharini siku nne. Mimi ndiye niliyeharibu. Niling'ang'ania tupitie kwanza Ngomeni, ile ngome kongwe, kwa kuwa ilikuwa imeacha kuwa jela na watu walikuwa wakiruhusiwa kuingia kutazama. Ulikataa mara mbili. Mara ya tatu ukanyamaza, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani nimeshinda.

Sisi tulijua kwamba uliwahi kukaa Lamu miaka miwili, kikazi. Ndivyo tulivyoambiwa, na ndivyo tulivyowatambia wenzetu wa chuo cha Kurani.

Mlangoni alisimama bawabu mwenye mvi. Alikutazama, akatabasamu.

"Ah, ni wewe. Umerudi tena?"

Uliuachia mkono wangu. Bawabu akafungua kinywa aendelee, na mama, ambaye hakuwa na desturi ya kusema na wanaume asiowajua, akanisukuma mbele.

"Zuhura, mwamkie ami yako. Shemegi, siku nyingi. Hatujaonana tangu mulipokuwa Lamu."

"Shikamoo, ami," nikasema.

Mzee yule alimtazama mama, akakutazama wewe, kisha mimi.

"Marahaba, mwanangu," akajibu. "Naam. Lamu."

Tukaingia. Ulitutangulia ukienda mbio, hukutuonyesha mzinga wala ukuta. Kwenye ngazi ya gizani ukamshika Salim bega. "Jihadhari na kipandio cha tatu, kimevunjika." Hatukuwa tumekifikia bado.

"Baba, umejuaje?" Salim akauliza.

"Babako ajua kila kitu," mama akajibu, na kucha zake zilikuwa zimenizama mkononi. Hapo nikajua ile miaka miwili uliikaa wapi.

Likoni hukuoga. Ulisimama majini hadi magotini, umetupa mgongo, mpaka chai ikapoa na mahamri yakaingia mchanga. Nilitaka kuja kukushika mkono. "Mwache," mama akasema. Nikakuacha, na nikaendelea kukuacha mpaka ukafa. Hilo linaniuma hadi leo.

Mama alinieleza kosa lako alipokuwa kitandani, karibu na mwisho wake: ulimpiga kofi msimamizi wa bandarini aliyekutukania mama yako. Ndipo akaniapisha nisimwambie mtu.

Jana nilimpeleka kitukuu chako Ngomeni. Kipandio kile kimetengenezwa siku nyingi, ila tulipokikaribia ulimi ulinitangulia, nikamwambia ajihadhari nacho.

"Bibi, umejuaje?"

Ningeweza kumjibu kama mama. Nikamwambia yote, hata lile kofi. Akachutama, akakigusa kwa kiganja, akauliza ulikuwa ukiitwa nani. Nikalitaja jina lako kamili, mpaka la babu yako, kwa sauti, na bawabu wa siku hizi akageuka kututazama. Sikumwita shemegi.

Sikuona aibu, baba. Nawe usione.

Mwanao aliyekuacha peke yako majini,
Zuhura