Mguu wa Limbu Umeunga, Limbu Hataki Kusimama

Mayu,

Shikamoo, mama. Najua hutaitikia, kwa hiyo nimekuitikia mwenyewe: marahaba Shija, habari za huko juu. Usinune. Ukinuna huko uliko, nani atakuchekesha, na mimi bado niko huku?

Naandika kwa kalamu ya Masanja mwanao, karatasi nimechana kwenye daftari la watoto wake. Darasa la nne langu unalijua. Nikikosea soma hivyo hivyo. Kwanza wewe hukusoma kabisa, kwa hiyo hapo tumelingana.

Tangu umekwenda, mbuzi wako wa pembe moja amezaa pacha. Ugoro wako dada yako ameumaliza, anasema alikuwa anauonja asije akapewa mbovu. Sabuni dukani bado ni ya foleni. Na watu bado wanaletwa, Mayu. Wanafika na mkono umening'inia, wanapiga hodi, wanauliza mama wa mifupa yuko wapi. Mimi ndiye ninayewaambia. Nimewaambia watu tisa mpaka sasa, na kila mara ni kama umekufa asubuhi hiyo.

Unakumbuka siku ya kwanza, nimelazwa uani kwako na mguu kama muhogo uliokanyagwa na ng'ombe, ukaniuliza, "We, kazi yako nini?" Nikakwambia Mayu, nikutajie ipi? Nimeuza samaki, sato wa Chato, hapa Runzewe, na wa juzi nilimwita wa leo. Nimechekecha mchanga wa dhahabu upande wa Geita mpaka kiuno kikasahau kunyooka. Nimepiga watu picha harusini kwa kamera isiyo na filamu, hiyo ilikuwa wiki moja tu, nikakimbia. Nimebeba magunia ya pamba stesheni ya Isaka, mpaka gunia likachoka kubebwa likanikalia. Dereva wa lori ndiye aliyenileta kwako, maana ulishamtibu turniboi wake. Ulicheka mpaka ugoro ukakutoka puani. Halafu ukasema, "Hizo zote ni njaa. Mimi nimekuuliza kazi."

Mahali pote nilipopita nilichekesha watu, lakini mwezi wa tatu ukifika moyo unapoa kama uji wa jana. Nabadilisha. Watu wakasema Shija hatulii, na mimi nikawaamini.

Siku ile ile uliyonifunga mabanzi mguuni, ulimvunja kuku mguu ukamfunga na yeye mabanzi madogo kama yangu. Huku kwetu kila nyumba inajua: mgonjwa wa mfupa anakuja na kuku wake, na kuku akianza kutembea, mtu naye anasimama. Wangu hakufika huko. Masanja alipata wageni, mkewe akamchinja bila kujua ni kuku wa dawa, na mimi mwenyewe nikaletewa paja la upande mgonjwa. Nililila, Mayu! Tulicheka siku tatu. Siku yangu ilipofika nikasimama bila kuku. Nikajua moyoni kwamba kuku ni mbwembwe tu, dawa ni mikono. Nilikuuliza siku moja kuku ni wa nini, ukaniambia, "Shika mguu, acha maneno." Nikashika mguu, nikaacha maneno. Laiti ningeuliza mara ya pili.

Nilipona, sikuondoka. Halafu ikaja siku ya yule mama aliyeanguka na baiskeli. Ulinishikisha mkono wake ukasema, "Vuta polepole, sikiliza kwa vidole." Mfupa ukarudi mahali pake chini ya dole gumba langu, kidogo tu, kama mlango unaofungwa na mtu asiyetaka kuamsha wenzake. Sikusema neno mpaka jua likazama. Ukamwambia Masanja, "Leo huyu amenyamaza. Basi kazi yake ni hii." Miaka minne, Mayu. Nilingoja mwezi wa tatu uniharibie moyo, haukuniharibia.

Ulipopata ile homa uliwaita wanao uwaambie habari za mkoba wako wa dawa, nani aurithi. Walipofika ulimi ulikuwa umekwisha kuwa mzito. Ulinikamata hiki kidole gumba ukakaza. Mimi nilielewa. Wao waliona mama anatafuta mahali pa kushika tu.

Baada ya matanga Masanja alisema, "Dawa ya nyumba hii haipewi mtu aliyeshushwa kwenye lori pamoja na magunia." Si mtu mbaya, unamjua mwanao. Anawaogopa babu zake. Hata mimi nawaogopa, na wala si wangu.

Ndipo akaja Limbu. Mchimbaji, mtu mzima, ana mke na watoto. Aliteleza kwenye duara, lile shimo lao la dhahabu, muundi ukakatika. Wenzake walimleta kwa lori pamoja na mkewe, hawana hata shuka, achilia mbali kuku. Hospitali walikuwa wamepita, wakaambiwa daktari amesafiri. Masanja aliuangalia ule mguu akaniangalia mimi. Akasema, "Haya. Huyu mmoja. Akitoka hapa kwa miguu yake, mkoba nakupa mbele ya ukoo. Asipotoka kwa miguu yake, wewe urudi Isaka kwenye pamba yako." Nikasema nimekubali, kaka.

Mke wa Limbu akauliza, "Na kuku? Nikatafute kuku hapo kijijini?" Mayu, ungekuwepo ungenizaba kibao. Nilisema, "Kaa chini mama, kuku hana kazi. Mwenye nyumba hii alikuwa anapenda mchuzi tu." Watu wote wakacheka. Limbu mwenyewe alicheka, na maumivu yake yote. Nikajiona fundi kweli kweli.

Nilivuta kama ulivyonifundisha. Ukaingia. Nilifunga mabanzi, nikapaka mafuta ya mbarika, kila asubuhi nilipapasa kwa vidole, nikasikia unavyojaa siku kwa siku. Sasa wiki ya nane imeisha. Umeunga, Mayu! Umenyooka kama ufito. Ungejivuna mbele za watu, halafu mimi ungenitukana ili nisijivune.

Lakini Limbu hataki kusimama.

Mwanzoni nilidhani ni uvivu, nikamtania. Nikamwambia mke wako ataolewa na wenzako huko machimboni. Hakucheka. Juzi akaniambia taratibu, kama mtu anayeona haya, "Fundi, nitajuaje kama umepona? Kila mtu anamwona kuku wake akitembea. Mimi nimwone nani?" Nikamwambia nione mimi, nilipona bila kuku. Akasema, "Wewe ulipona mwenye dawa akiwa hai."

Miaka yote nilidhani unamfunga kuku kwa ajili ya mfupa. Kumbe mtu analala pale wiki nane hana kitu cha kutazama ila mguu wake uliofungwa, na wewe unampa kitu cha kutazama. Kakuku kanapepesuka, kanaanguka, kesho kanatembea. Mimi nililimaliza lile jambo kwa kichekesho kimoja.

Sasa siwezi kurudi nyuma. Kuku anavunjwa siku ile ile mtu anapofungwa mabanzi. Nimemshika Limbu kwapani mara mbili nimnyanyue. Mguu una nguvu, nausikia, lakini yeye anatetemeka mpaka meno yanagongana, anajiachia chini. Mkewe analia, mimi nasimama pale na hii mikono.

Jana asubuhi nilifanya kitu. Nilimkamata kuku wa jirani, anatembea vizuri, nikamfunga kitambaa mguuni. Nilitaka kumwambia Limbu, huyu ndiye wako, nilimvunja siku ile kwa siri, sasa mtazame. Angeniamini. Mimi ni mtu niliyeuza samaki wa juzi, kusema uongo si mzigo kwangu. Nilifika mpaka mlangoni. Nikamwona ameushika ule mguu kwa mikono miwili, anausemesha kama mtoto. Nikarudi, nikamfungua kuku wa watu. Nilikosa nguvu, Mayu. Labda ni ujinga. Labda uongo ule ungemsimamisha, na mkoba ungekuwa begani kwangu leo. Sijui. Wewe ungejua, na wewe hupo.

Kesho ndugu zake wanakuja kumchukua, wanampeleka kwa mganga mwingine. Masanja ameweka tu lile begi langu la Isaka nje ya mlango, amelipangusa vumbi.

Sikuombi miujiza. Kama uko mahali pa kusikia, msogelee tu Limbu usiku huu, umtukane kidogo kama ulivyokuwa unatutukana. Kama hupo, basi.

Nakuaga, Mayu. Wabeja, asante kwa miaka minne. Ahadi yangu ni ndogo, nyingine sina uwezo nazo. Kesho sitataniana na mtu. Nitawaambia ndugu zake mfupa umeunga, wasikubali mtu auvunje tena. Wakikataa kunisikia, sitabishana. Ila kitanda wakikinyanyua nitaomba nibebe upande wa miguu, mpaka barabarani, wasije wakamtikisa.

Mimi,
Shija