Nywele za Fidea

Jumatatu, 12 Juni 1995
Baridi kali. Nimepiga picha za video za upande wa Mama Fidea peke yake: jikoni kwake Bombambili, kigoda kile kile, khanga ile ile ya jana. Jana niliwapiga picha wote wawili pamoja, mama na binti kwenye mchezo wangu kama walivyo nyumbani. Fidea kasuka twende kilioni, nadhifu. Leo kaenda Tunduru na mitumba yake, kaaga atarudi kesho. Maneno yake nimeyasoma mimi, nyuma ya kamera. Mama: "Utarudi lini?" Mimi: "Kesho, mama." Akacheka, tukarudia. Upande wa Fidea nitaupiga akirudi. Haraka ya nini?

Ijumaa, 16 Juni
Mama Fidea amefariki alfajiri. Presha. Lori alilopanda Fidea liliharibika njiani siku tatu. Hakumuwahi.

Jumapili, 18 Juni
Tumezika jana. Leo wafiwa wamenyoa nywele za msiba. Nilipomwona Fidea kipara, cha kwanza kuwaza ni kwamba picha zake mpya hazitaungana na za mwanzo. Jamani, mimi ni mtu gani? Nimejichukia.

Jumatano, 28 Juni
Nimeuangalia mkanda. Kosa langu: sikumsubiri Fidea, nikasimama mimi mahali pake. Sasa marehemu ananitazama mimi. Anauliza utarudi lini. Sauti yangu inamjibu uongo. Nimezima.

Jumamosi, 1 Julai
Fidea kaja mwenyewe. Anataka kumalizia. Nikampa wigi, akalitupa kitandani. Kilemba, hataki.
"Kaka, mama nilimwambia kesho. Niache nimjibu."
Tukaenda jikoni kwa mama, nikaweka televisheni juu ya kigoda kile kile, Fidea amtazame mama pale pale alipokaa. Sauti nikaifunga. Midomo ya mama ikauliza. Fidea alitakiwa kusema "Kesho, mama." Akasema:
"Nimerudi, mama."
Niliiacha kamera iendelee. Sikuweza kusema kata.

Alhamisi, 6 Julai
Nimeunganisha picha kwa deki mbili za video. Kwenye picha ya wote wawili, binti ana nywele. Mama anauliza. Binti anajibu, kipara. Nimejaribu kuficha kwa picha ya moto wa jikoni. Haifichiki. Mwenye fani yeyote atanicheka. Nimeuondoa ule moto.

Jumatano, 26 Julai
Arobaini. Wameomba niuonyeshe mkanda pale pale nyumbani kwa marehemu. Nimekaa nyuma, jasho linanitoka na baridi yote hii. Hakuna aliyeuliza habari ya nywele. Hata mmoja. Mama mkubwa wa Fidea aliiambia televisheni, "Haya, mwanao karudi. Pumzika."
Nimekunja nyaya, nimerudi kwangu Majengo kwa miguu. Ule mkanda wa kwanza, wenye sauti yangu, bado ninao. Naogopa kuufuta.