Filamu Niliyoipeleka kwa Mama Zuhura

Jumapili. Mvua imenyesha tangu alfajiri hapa Kasingirima na sasa yamebaki manyunyu. Nimekaa dirishani na laptopu mapajani, na moyo wangu mzito.

Mnaopita humu mnaijua kawaida yangu. Nikiona filamu, nikimaliza kitabu, nikipenda wimbo, nakuja kuropoka. Wiki hii nilipanga kuandika sifa tupu.

Filamu yenyewe ni ya kwetu, ya Kiswahili. Bibi mjane anawaroga watoto wa kijiji, mmoja baada ya mwingine. Macho yake ni mekundu, na kila kamera inapoyasogelea muziki unapanda hadi mtu anajikunyata kwenye kiti. Mwishoni wanakijiji wanamfungia ndani ya nyumba yake na kuitia moto. Mwigizaji ni hodari, siwezi kumnyima haki yake. Iliponikolea niliiweka kwenye flashi nikaipeleka kwa jirani yangu, Mama Zuhura, kwa sababu runinga yake ni kubwa. Tulijaa sebuleni kwake, wanawake wa mtaa na watoto wao. Nyumba ya yule bibi ilipowaka, watu walipiga makofi.

Nami nilipiga.

Mama yangu hakuwepo. Alikuwa uani kwetu akibanika migebuka, kazi iliyotulisha na kutusomesha tangu baba afariki. Moshi wa samaki hauna huruma. Nilipokuwa shule ya msingi macho ya mama yalikuwa tayari mekundu, na sijawahi kuyaona yakiwa na rangi nyingine. Nilitazama filamu nzima, mwanzo mpaka mwisho, na sikumkumbuka hata mara moja.

Wengine walimkumbuka.

Zuhura ana miaka minne. Mama yake akienda sokoni kuuza vitenge, mtoto alikuwa anashinda kwetu, anakula na mama, analala kwenye kanga ya mama. Baada ya siku ile hakuja tena. Nilidhani amepelekwa kwa shangazi yake Gungu. Kisha watoto wa mtaani wakaanza kupita mbio mbele ya nyumba yetu wakiita jina la yule bibi wa kwenye filamu na kucheka.

"Wananiita nani hao?" mama akaniuliza.

Nikamwambia ni michezo ya watoto. Nilijua.

Jumatano tukasikia Zuhura ana homa kali. Mama akapika uji, akautia kwenye chupa ya chai, akaupeleka mwenyewe. Alirudi na chupa imejaa vilevile.

"Hawakunifungulia," akasema. "Nimewasikia wanaongea ndani, wakanyamaza."

Nilikwenda na hasira zangu. Mama Zuhura alinifungulia mimi, amempakata mtoto, kamfunga kanga mpaka shingoni. Mtoto anachemka kama jiko.

"Mama amekukosea nini?" nikamwuliza.

"Hajanikosea, dada."

"Ile ni filamu, Mama Zuhura. Watu wamelipwa waigize."

"Najua ni filamu. Mimi si mjinga." Alikuwa analia. "Lakini mtoto anaumwa, wenzangu wananiambia hivi na hivi, na mimi naogopa. Nifanyeje wakati naogopa?"

Walikuwa wamemshauri aanze kwa mganga, hospitali baadaye. Sikubishana naye tena. Niliita bodaboda, tukapanda wote watatu mpaka hospitali. Malaria. Akalazwa, akatundikiwa dawa, na jana asubuhi karudi nyumbani anaomba chapati. Alhamdulillahi.

Nilidhani yameisha.

Jana mchana mama akaniambia anataka kuiona hiyo filamu. Kumbe yupo mtu aliyemweleza kila kitu. Nilijaribu kukwepa, nikasema laptopu haina chaji. Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu akingoja. Ikabidi niiwashe. Alitazama kimya, mikono mapajani, inanuka moshi. Ilipofika sehemu ya moto nilitaka kuizima, akanishika mkono.

"Huyu mama ana watoto?" akauliza.

"Filamu haijasema, mama."

"Na ninyi mliokuwa mnatazama hamkuuliza?"

Nikaifunga laptopu.

"Wewe ulifanya nini walipomchoma?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia nilipiga makofi. Hakunigombeza. Alinyanyuka akaenda kugeuza samaki wake, na ningefurahi sana kama angenitukana.

Jioni Mama Zuhura alikuja kushukuru. Alisimama upenuni, hakuingia. "Shikamoo, mama," akasema kwa mbali. Mama akamjibu, "Marahaba, mwana wanje," yaani mwanangu kwa Kiha, na sauti yake haikuwa na kinyongo chochote. Zuhura alikuwa amejificha nyuma ya gauni la mama yake.

Leo baada ya chai nimemkuta mama anakunja nguo zake kwenye begi. Anasema anakwenda kwa mdogo wake Kalinzi mpaka watu wasahau. Nimemwambia hapa ni kwake, amejenga yeye, haendi popote.

Akanitazama. "Nikibaki, kesho utakwenda kazini. Utaniacha na nani?"

Nimezoea kuandika humu kwamba filamu nzuri ni ile inayokufuata hadi nyumbani. Niliandika hivyo nikijiona mjuzi. Hii imenifuata, na mimi ndiye niliyeibeba mfukoni.

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Amecheka, akasema, "Mwanangu, hayo ni maigizo tu." Nimempigia bosi wangu kuomba ruhusa ya wiki moja, amenipa siku mbili. Mama amekubali kungoja siku hizo mbili tu. Nitazitumia kupita kwa kila mwanamke aliyekaa sebuleni siku ile, nimweleze macho ya mama yalivyoanza kuwa mekundu, na nimwambie kwamba nami nilipiga makofi na naona aibu.

Nimemwandikia Mama Zuhura kumwomba tufuatane. Wakimwona yeye na mtoto wake mzima, watasikia kuliko wakiniona mimi.

Ameusoma ujumbe. Hajajibu.

Kesho nitaanza na mlango wake.