Nusu Inchi ya Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Ofisi ya mashtaka imepiga simu. Kesi ya Mtukufu, rais wetu wa zamani, inaanza wiki ijayo. Kwenye orodha ya waliopotezwa enzi zake, Baba ni wa kumi na saba kati ya arobaini na mmoja. Mtukufu kaandikisha kwamba hajawahi kumjua fundi cherehani yeyote. Hapo hapo wakili wake anatembeza fomu: familia zikisaini msamaha, "watu wa zamani" wa serikali yake wataonyesha makaburi. Mama anataka kusaini. Nimemwambia sikubali, mzee yule afungwe. "Jela mtamlisha nyie," kanijibu. "Mimi nipeni kaburi, mwanangu."

Jumatano, 5 Machi

Nimekitoa kitabu cha vipimo cha Baba. Bado kinanuka chaki na mafuta ya cherehani. Jumapili asubuhi alikuwa akinisimamisha mlangoni, futi shingoni, pini mdomoni. "Umeongeza nusu inchi. Nani kakupa ruhusa?" Nilikuwa na miaka tisa. Leo kiwandani kwangu kuna cherehani sita, na hakuna aliyenishika mkono. Ila hata moja haiimbi kama ile yake.

Ukurasa wa mwisho: Mkubwa, Ikulu. Kifua 44. Mkono wa kulia 25, wa kushoto 25½. Tarehe 9 Juni. Baba walimchukua tarehe 11.

Nimemwonyesha Mama. Kapapasa mwandiko kwa kidole, muda mrefu. Halafu kasema daftari halionyeshi Baba kalala wapi.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika kwenye benchi, korido ya gereza. Mama bado yuko ndani.

Wametukutanisha na Mtukufu. Kakonda — koti linamning'inia kama la kuazima. Akampa Mama pole kwa "yaliyotokea". Kana kwamba ilinyesha mvua! Mama akashika kalamu. Mimi macho yangu kwenye lile koti: mkono wa kushoto umepanda juu ya kifundo. Akaniona natazama, akauvuta.

"Tangu yule mzee wenu," akasema taratibu, "hakuna aliyeupatia mkono huu."

Wakili wake akakohoa, akaomba tupumzike kidogo. Nikatoka. Mama akagoma kunyanyuka.

Sasa hivi Mama kachungulia mlangoni. Kalamu mkononi, fomu haina hata nukta.

"Futi unayo?"

Ninayo, shingoni kama kawaida. Kitabu kiko mkobani.

"Njoo umpime."